Maji hayaoshi moshi

Mama mmoja mkazi wa Ubungo, ambaye binti yake yuko mwaka wa pili chuo kikuu, ameniuliza swali nililoona nisimjibu yeye peke yake. Anasema alikuta mtungi wa shisha chumbani kwa mwanawe, na alipohoji alijibiwa bila wasiwasi wowote: “Mama, hii si sigara. Moshi unapita kwenye maji, unasafishwa.” Mama anataka kujua kama ni kweli. Jibu fupi ni kwamba si kweli. Lakini jibu fupi halitamfikisha mbali mbele ya msomi, kwa hiyo naomba leo tulichambue jambo hili.

Tuanze na chombo chenyewe. Juu kabisa kuna kichwa, aghalabu cha udongo, ambamo hutiwa tumbaku iliyolowekwa. Juu ya tumbaku hufunikwa karatasi ya foili iliyotobolewa matundu, na juu ya foili huwekwa makaa ya moto. Kutoka kichwani bomba linateremka hadi ndani ya maji ya chupa, na ubavuni mwa chupa kuna mpira mrefu wa kuvutia. Mtu akivuta, hewa ya nje hupita kwenye makaa, hubeba joto, huichoma tumbaku polepole, kisha moshi hushuka, hutoka majini kwa mapovu na kumfikia mvutaji.

Wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa haya. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaonyesha kwamba neno kiko, ambalo siku hizi tunalitumia kwa kile cha kuvutia tumbaku kavu, hasa lilikuwa jina la kile chombo kidogo cha maji. Bakuli la tumbaku likiitwa bora, mrija wa kuliunganisha na maji ukiitwa digali, na mrija wa kwenda mdomoni ukiitwa shilamu. Hata ile sauti ya mapovu ilikuwa na jina lake: malio ya kiko. Kijana anayedhani amevumbua ustaarabu mpya amechelewa kidogo.

Kipya ni kile kinachotiwa humo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Misri vilianza kutengeneza kwa wingi tumbaku iliyochanganywa na asali au molasi, glisirini na ladha za matunda. Waarabu huiita muassal, na msikilizaji wa pwani hahitaji mkalimani, kwa maana neno asali limo humo humo. Kabla ya hapo tumbaku ya mtungi ilikuwa kali, shughuli ya wanaume wazee waliokaa mkahawani mchana kutwa. Hii ya tofaa, zabibu na nanaa ilikuwa laini, inanukia, haimkoroti mtu kooni. Mikahawa, televisheni za setilaiti na baadaye intaneti ziliisambaza, ikawakuta wanafunzi wa vyuo kuanzia Beirut na Cairo mpaka London, na hatimaye Nairobi, Kampala na hapa kwetu.

Ladha hiyo ndiyo iliyovunja mwiko. Msichana ambaye asingethubutu kuwasha sigara mbele ya wenzake, kwa kuogopa ataitwa jina gani, anashika mpira wa shisha akiwa katikati ya kundi na hakuna anayeshtuka. Tena ni starehe ya kuchangiana. Watu wanne au watano wanakusanya fedha, mtungi unakaa katikati, mazungumzo yanaendelea. Sioni ajabu kwamba mwanafunzi aliye mbali na nyumbani anaipenda. Mimi mwenyewe nakiri inanukia vizuri kuliko sigara yoyote niliyowahi kukaa karibu nayo.

Sasa maji. Kazi moja maji wanaifanya vizuri sana, nayo ni kupoza moshi. Yananasa pia baadhi ya vitu vinavyoyeyuka majini, na nikotini kidogo. Lakini fikirini povu lilivyo. Moshi umo ndani ya povu kama hewa ndani ya puto, unagusa maji pembeni tu, na povu likifika juu linapasuka na kuuachia. Sehemu kubwa ya lami na sumu nyingine hupita salama salimini. Na huko kupoza kwenyewe si neema. Moshi wa sigara unawasha koo, nalo koo linajitetea kwa kikohozi. Moshi uliopozwa na kutiwa utamu haukutani na mlinzi yeyote njiani. Unateremka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Halafu kuna suala la wingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka kuhusu shisha mwaka 2005, likautoa tena kwa marekebisho mwaka 2015. Linaeleza kwamba mvuta sigara huvuta mikupuo 8 hadi 12 kwa dakika 5 hadi 7 hivi, ambapo kikao cha shisha cha dakika 20 hadi 80 kinaweza kuwa na mikupuo 50 hadi 200, tena mikubwa zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli kwamba shisha moja ni sawa na sigara 100. Kwa maoni yangu kauli hiyo, inavyorudiwa hovyo, imetuharibia kazi. Mwanafunzi mwenye akili anajua mtu hawezi kuvuta sigara 100 jioni moja kisha asubuhi akaenda kusikiliza mhadhara, basi anaitupa kauli pamoja na ukweli uliomo. Kinacholinganishwa pale ni ujazo wa moshi. Haina maana kwamba kila sumu imezidi mara 100.

Kipimo kinachonishawishi zaidi ni kile kilichochapishwa mwaka 2009 na Thomas Eissenberg wa Virginia, Marekani, na Alan Shihadeh wa American University of Beirut. Walichukua watu 31. Siku moja kila mmoja alivuta sigara moja, siku nyingine akavuta shisha kwa dakika zisizozidi 45. Moshi wa shisha ulikuwa zaidi ya mara 40 ya ule wa sigara. Nikotini katika damu ilipanda hadi kiwango kinachokaribiana. Lakini gesi ya monoksidi ya kaboni ilifika mara tatu ya ile ya sigara.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana gesi hiyo haitoki hasa kwenye tumbaku. Inatoka kwenye makaa. Hakuna mtu aliyekulia Dar es Salaam asiyejua kwamba jiko la mkaa halilazwi chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kila msimu wa baridi huko nyanda za juu tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko ndani ili ipate joto na kesho yake haikuamka. Gesi iliyowaua ndiyo hii hii. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inaishika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida huchukua kama saa nne au tano kupungua nusu tu. Mvuta shisha haketi chumba kimoja na jiko. Anaweka mdomo kwenye bomba na kulivuta jiko lenyewe.

Vijana wanasema wanapata “stimu”. Kichwa kinakuwa chepesi, dunia inazunguka, wengine wanatapika. Sehemu ya hayo ni nikotini. Sehemu nyingine, wanangu, ni ubongo unaokosa hewa. Na anayejitetea kwamba yake haina tumbaku, ni ya majani na matunda matupu, ameepuka nikotini tu. Makaa ni yale yale, na vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba moshi wake unabeba lami na gesi hiyo kama kawaida. Kuhusu kupokezana mdomo mmoja kati ya watu watano, katika nchi yenye kifua kikuu, sina haja ya kusema mengi.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Uganda iliikataza shisha katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Hapa Dar es Salaam, aliyekuwa mkuu wa mkoa wakati ule, Paul Makonda, aliipiga marufuku Julai 2016. Rwanda na Kenya zilifuata, zote mbili Desemba 2017. Sina ugomvi na nia ya hatua hizo. Lakini hapa kwetu sababu iliyopigiwa kelele kuliko zote ilikuwa kwamba shisha inachanganywa na dawa za kulevya. Yawezekana wapo wanaochanganya. Ila matokeo ya kelele hizo ni kwamba mwanafunzi ambaye ya kwake haina unga wala bangi alijihesabu yuko salama, ilhali hatari kubwa ilikuwa inawaka juu ya foili mbele ya macho yake.

Tena marufuku isiyoambatana na maelezo ina tabia ya kuhamisha mambo. Shisha ya barazani, penye upepo, inaingia chumbani. Chumba cha hosteli chenye vitanda vinne, mlango umefungwa ili mlezi wa bweni asisikie harufu, dirisha limezibwa kwa kanga, na makaa mawili yanawaka. Waliomo ndani wanavuta gesi kwa mpira na kwa pua, pamoja na yule asiyevuta aliyejilalia zake akijiandaa kwa mtihani. Huyo ndiye anayenitia hofu kuliko wote.

Kwa hiyo mama, pamoja na kumweleza binti yako habari ya mapovu na makaa, mwambie na hili, naye awaambie wenzake. Mtu akianguka, au akilalamika kichwa na kichefuchefu mahali penye shisha, wasimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Wamtoe nje kwenye hewa mara moja, wafungue mlango na madirisha, na wawatoe wote waliolala humo. Kisha wampeleke hospitali, na wakifika wamtajie daktari waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa kwenye shisha. Wasifiche kwa kuogopa chuo. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi vizuri damu iliyobeba oksijeni na damu iliyotekwa na gesi ya mkaa. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa wakati mgonjwa anazidiwa. Daktari akiambiwa, atampa oksijeni kwa barakoa bila kuisubiri namba hiyo ishuke.