Chakula Kinachobaki Bila Mnunuzi: Supamaketi, Mashamba na Njia ya Mai Mahiu

Chakula kinachobaki bila mnunuzi katika supamaketi za Kenya huondoka dukani kwa njia nne: hupunguzwa bei, hurudishwa kwa aliyekileta, huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe, au hutupwa. Njia ya tano, kukitoa bure kwa shule, vituo vya watoto na mashirika ya misaada, imeachwa kwa hiari ya mwenye duka. Nchi kadhaa za Ulaya zimeigeuza hiari hiyo kuwa wajibu wa kisheria, na kila takwimu za upotevu wa chakula zinapotangazwa swali huzuka upya: je, Kenya nayo ifuate? Jibu linategemea chakula hicho kiko wapi na ni mali ya nani. Kaunti ya Nakuru inafaa kwa uchunguzi huo, kwa kuwa ndiko zilikochipuka supamaketi kadhaa kubwa za nchi, na ndiko uliko mji wa Mai Mahiu, ambako malori ya vyakula kutoka Narok na Naivasha hukutana kabla ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Nairobi.

Mfano wa Ulaya

Ufaransa ilipitisha sheria yake Februari 2016, baada ya kampeni ya Arash Derambarsh, diwani wa mji wa Courbevoie, na kazi ya bungeni ya mbunge Guillaume Garot. Inazihusu supamaketi zenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400. Inazikataza kuharibu makusudi chakula kinachofaa kuliwa, kwa sababu baadhi ya maduka yalikuwa yakikimwagia dawa ya klorini ili watu wasikiokote kwenye mapipa. Pia inazitaka zitie saini mkataba na shirika la misaada. Faini iliyowekwa mwanzoni ilikuwa euro 3,750.

Sheria hiyo haikutaja kiasi. Duka lenye mkataba huwa limetimiza wajibu wake hata likitoa kreti chache kwa wiki. Kinacholishawishi kutoa zaidi ni kodi: kwa kuzingatia kikomo kilichowekwa, kampuni hupunguziwa kodi kwa asilimia 60 ya thamani ya chakula ilichotoa. Italia, mwaka huohuo wa 2016, iliacha adhabu kabisa. Ilirahisisha makaratasi ya kutoa chakula na kuziruhusu manispaa kupunguza ada ya taka kwa wanaotoa. Jamhuri ya Cheki ilishika njia ya lazima kuanzia 2018, nayo pia kwa maduka yanayozidi mita za mraba 400.

Hata huko Ulaya supamaketi si chanzo kikubwa cha chakula kinachotupwa. Sheria ya Ufaransa ilipokuwa ikijadiliwa, maduka yalikadiriwa kuchangia asilimia 11 tu ya tani milioni 7.1 zilizokuwa zikitupwa kila mwaka. Majumbani ndiko kulikotoka asilimia 67. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi, ilionyesha sura ileile kwa dunia nzima: kati ya tani bilioni 1.05 zilizotupwa mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani, 28 katika hoteli na huduma za chakula, na 12 madukani. Hesabu hiyo huanzia sokoni. Kinachoharibika kati ya shamba na soko huhesabiwa kando, na kwa nchi za wakulima hiyo ndiyo hesabu nzito.

Maduka yaliyotoka Nakuru

Nakuru ina historia ndefu katika biashara ya supamaketi. Jina la Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, na Tuskys ilikuwa na mizizi yake Rongai. Naivas ilianza mwaka 1990 na iliwahi kuitwa Naivasha Self Service Stores, na mwaka 2023 ilivuka matawi 100. Quickmart nayo ilianzia Nakuru. Nakumatt na Tuskys zimeanguka zikiwa na madeni makubwa kwa waliokuwa wakizipelekea bidhaa.

Pamoja na kukua huko, sehemu kubwa ya chakula cha Wakenya haipiti katika supamaketi. Nyanya, sukuma wiki, viazi na maharagwe hununuliwa kwa mama mboga, sokoni, au kwenye duka la mtaani. Katika mji kama Mai Mahiu, maduka mengi ya kujihudumia ni madogo. Kipimo cha mita za mraba 400 kikiletwa kilivyo, kingeyagusa matawi ya Naivasha na Nakuru mjini na kuiacha karibu biashara yote ya barabarani.

Mali ya nani?

Hata ndani ya supamaketi kubwa, si kila kilicho rafuni ni cha duka. Mkate ni mfano mzuri. Gari la kampuni ya kuoka hufika alfajiri, kreti za mkate mpya hushushwa, na mikate iliyobaki hukusanywa na kurudishwa garini. Karani huhesabu iliyorudi, na thamani yake hukatwa katika malipo ya mzigo mpya. Maziwa na mtindi navyo hurudishwa kwa mpango wa namna hiyo pale makubaliano yanaporuhusu. Duka halipati hasara. Hasara humrudia aliyeoka au aliyekamua.

Mpango huo huwa halali pande mbili zikikubaliana, lakini uwezo wao haulingani. Bunge limeifanyia marekebisho Sheria ya Ushindani ili kuzuia matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi mkubwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kosa hilo dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia, na kuitaka irekebishe mikataba yake.

Hali hiyo inaathiri hoja ya kutoa chakula. Supamaketi ikilazimishwa kutoa kilichobaki huku ikiwa na haki ya kurudisha bidhaa, itarudisha mapema zaidi, na sheria itabaki bila kitu cha kushika. Ikizuiwa kurudisha, itaagiza kidogo na kubandika stika za ofa siku mbili tatu kabla. Chakula kinachotupwa kitapungua, lakini cha kuwagawia maskini nacho kitapungua.

Barabarani

Mai Mahiu iko kwenye njia panda. Njia moja yaenda Naivasha na Nakuru hadi mpaka wa Uganda. Nyingine yaenda Narok, Bomet na nchi ya majani chai. Nyanya, vitunguu, viazi na kabichi hupita hapo zikielekea masoko ya Marikiti, Wangige na Githurai. Mzigo hufungwa juu ya lori chini ya turubai, bila friji, na mlima ulio mbele lori huupanda polepole.

Kucheleweshwa kidogo kunatosha kubadilisha bei. Machi 2018 ufa mkubwa wa ardhi uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli yalipasua njia na kuporomoka juu ya vijiji vya karibu na mji. Watu zaidi ya 45 walikufa na barabara ikakatika. Siku za namna hiyo dereva hana pa kupeleka mzigo wa nyanya ambao kesho utakuwa umeiva kupita kiasi.

Hata hivyo, nyanya iliyolainika haikosi mnunuzi kirahisi. Kreti ikifunguliwa kibandani, ngumu hupangwa mbele kwa mafungu, zilizoanza kulegea hutengwa kwa ajili ya hoteli za madereva, ambako zitaingia kwenye supu na mchuzi siku hiyohiyo, na zilizopasuka huuzwa kwa ndoo kwa bei ya kutupa. Za mwisho kabisa huenda kwa nguruwe. Soko la vibandani lina ngazi nyingi za bei, na kila ngazi ina mlaji wake. Chakula cha bure kikimwagwa mtaani bila mpango, wa kwanza kukosa wateja ni mama mboga aliyekuwa akiwauzia maskini kwa bei hizo za chini.

Mashambani

Mzigo mkubwa wenye mmiliki mmoja, uliopangwa vizuri na usio na soko la karibu, uko kwenye mashamba ya mboga za kuuza nje yaliyozunguka Naivasha. Mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) na njegere za maganda hukaguliwa kwa urefu, unyoofu na rangi. Zinazokataliwa huwa salama kuliwa, ila hazifanani na picha anayoitaka mnunuzi wa Ulaya. Miaka ya nyuma mishiri ilikuwa ikikatwa ncha zote mbili ili ilingane na pakiti. Tesco ya Uingereza ilipokubali kukata ncha moja tu, kiasi kilichokuwa kikitupwa kilipungua bila mtu kutoa msaada wowote.

Februari 2013, UNEP iliwaandalia mawaziri waliokutana Gigiri, Nairobi, chakula kilichopikwa kwa mazao ya Kenya yaliyokataliwa na soko la nje, yaliyokusanywa na mwanaharakati Tristram Stuart. Wazo hilo baadaye lilipata taasisi ya kudumu. Food Banking Kenya, iliyoanza 2017, hukusanya mazao ya aina hiyo mashambani na katika vituo vya kufungashia, kisha huyapeleka katika shule na vituo vya watoto. Shughuli hiyo haikusubiri sheria ya lazima, na imeegemea zaidi mashamba kuliko rafu za supamaketi.

Usalama na tarehe

Anayetoa chakula nchini Kenya hubeba hatari ya kisheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaadhibu uuzaji wa chakula kisichofaa, na maafisa wa afya ya umma wana mamlaka ya kukamata na kuharibu. Marekani ilipitisha mwaka 1996 sheria inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema, isipokuwa kwa uzembe mkubwa au makusudi. Kenya haina kinga ya wazi ya namna hiyo, hivyo meneja mwangalifu huona jalala kuwa salama kuliko kituo cha watoto.

Tarehe kwenye pakiti zinaongeza utata. Ipo tarehe inayohusu ubora, ambayo ikipita biskuti hupungua ladha tu, na ipo ya mwisho wa matumizi, ambayo ikipita nyama huwa hatari. Kwa kawaida zote mbili huchukuliwa kuwa kitu kimoja.

Wasiwasi wa umma nao una sababu. Julai 2019 uchunguzi wa televisheni ulifichua nyama iliyotiwa kemikali kupita kiasi ikiuzwa kwenye supamaketi. Mei 2023 serikali iliwasimamisha kazi maafisa 27 baada ya magunia 20,000 ya sukari, iliyokuwa imetangazwa kuwa haifai kuliwa, kutolewa kinyume cha taratibu. Mpango wowote wa kugawa chakula unahitaji njia ya kuhakikisha kwamba kilichotolewa bure hakirudi dukani kikiwa na pakiti mpya.

Nani analipa

Chakula cha bure kina gharama: mtu wa kukichambua, kreti, mafuta ya gari, friji, na mahali pa kukihifadhi. Kwa kampuni, kukiharibu ni rahisi kihesabu: kikiwa na ushahidi, huingia kwenye vitabu kama hasara. Kwa upande wa kodi ya ongezeko la thamani, mboga na matunda mabichi yamesamehewa, na mkate wa kawaida, maziwa na unga wa mahindi hutozwa asilimia sifuri. Swali gumu, iwapo kinachotolewa bure kitozwe kodi hiyo, liko kwenye vyakula vya viwandani vinavyotozwa asilimia 16, kama biskuti na vinywaji, ambavyo ndivyo hudumu na kusafiri vizuri.

Upande wa wapokeaji, mahitaji yapo. Mai Mahiu ina jamii zilizohamia huko baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kama wakazi wa Jikaze, na familia zilizopoteza makazi katika mafuriko ya 2024. Nyika za wafugaji zilizo jirani hukumbwa na ukame. Lakini jiko la shule hupika githeri au ugali kwa ratiba ya muhula, huku rafu za supamaketi zikitoa mtindi, mkate na mboga za kuliwa leo. Bila chumba baridi na mtu wa kupanga, vitu hivi viwili havikutani.

Umbo la sheria inayowezekana

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Jedwali la Nne linaziachia kaunti utoaji wa leseni kwa wauzaji wa chakula, usimamizi wa masoko na uzoaji taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine. Kwa hiyo Kaunti ya Nakuru inaweza kuanza bila kungoja Bunge: ikipunguza ada ya taka kwa maduka na mashamba yanayotoa chakula, ikiwapa maafisa wake wa afya kazi ya kukiidhinisha kinapotolewa, na ikitenga chumba baridi kwenye njia panda ya Mai Mahiu kwa malori yaliyokwama na mazao yaliyokataliwa.

Kazi ya taifa ni kinga kwa anayetoa kwa nia njema, maelezo ya wazi juu ya tarehe za pakiti, na msimamo wa kodi usiomwadhibu anayetoa kuliko anayetupa. Wajibu kwa supamaketi unaweza kufuata, ukihusu bidhaa zinazomilikiwa na duka lenyewe na ukiambatana na masharti ya haki kuhusu urudishaji. Ukiwekwa kabla ya hayo, gharama yake itahamia kwa mwoka mkate na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao tayari ndio wanaobeba hasara ya kisichouzwa.