Ndege wa Tournai: sahani za mkubwa aliyekatwa kichwa

Aliyekaribishwa kwenye meza hii alipashwa kwanza kumaliza chakula ndipo amuone ndege. Amechorwa katikati ya sahani, na jina lake kwa Kifaransa limeandikwa upande wa chini. Kulisoma ni mpaka kugeuza sahani.

Vyombo hivyo vya kauri vilitengenezwa Tournai, mji ambao leo uko Ubelgiji, katika kiwanda kilichoanzishwa na François-Joseph Peterinck mwaka wa 1751. Aliyeviagiza, mwaka wa 1787, ni Duc d'Orléans, ndugu wa ukoo wa mfalme Louis XVI wa Ufaransa. Alitaka vyombo zaidi ya elfu moja.

Joseph Mayer, mkubwa wa wachoraji, hakusafiri kutafuta ndege. Alifuata picha za vitabu vya Buffon, mtaalamu wa viumbe, zilizochorwa na Martinet mara nyingi kwa kutazama ndege waliokufa na kukaushwa. Ndiyo maana wengine wanaonekana kama askari kwenye gwaride. Lakini manyoya yao! Na rangi ya kauri haikomai mpaka chombo kirudishwe motoni: mchoraji anapaka kitu ambacho macho yake hayajakiona bado. Ukingo wa buluu ni wa kobalti, madini ileile inayochimbwa Kolwezi, ijapokuwa wakati ule haikutoka Kongo.

Duc hakufaidi sana. Novemba 1793, wakati wa Mapinduzi, alikatwa kichwa. Sehemu kubwa ya vyombo ilinunuliwa baadaye na George IV wa Uingereza, na mpaka leo iko katika hazina ya sanaa ya wafalme wa inchi hiyo.

Ndege wenyewe hawakutunzwa vile. Katika vitabu vya Buffon yumo mascarin, kasuku wa kisiwa cha Réunion. Ametoweka kabisa duniani. Yumo pia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule anayejulikana vema na wakaaji wa misitu ya Kongo. Mwaka wa 2016, mjini Johannesburg, inchi za mapatano ya CITES ziliamua kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku huyo akikamatwa porini. Hata hivyo, katika Maniema na Tshopo wategaji wameendelea kumnasa kwa ulimbo, na wengi wanakufa ndani ya vitunga kabla ya kufika kwa mnunuzi.