Kasha la kompyuta: usidanganyike na taa!

Naam msomaji, leo tuongee kompyuta. Usifunue ukurasa! Hili siyo somo la darasani. Ni habari ya mshiko wako na jinsi unavyoweza kuyeyuka huku unautazama kwa macho yako mawili.

Mimi nakaa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kilometa zipatazo 50 kutoka Sumbawanga ukishika barabara ya kwenda bandari ya Kasanga. Huku kwetu, na nadhani hata huko uliko, lile boksi la chuma linalobeba vitu vyote vya kompyuta tunaliita "CPU". Kumbe CPU yenyewe ni kidude kidogo kama biskuti, kiko ndani, ndicho kinachofanya hesabu zote. Boksi mafundi wanaliita kesi. Mimi nitaliita kasha, tuelewane.

Mwaka juzi niliamua kujiungia kompyuta yangu mwenyewe. Siyo kwamba najua sana, hapana. Ni ukapuku tu. Laptop inataka ulipe zote kwa mpigo. Ya kuunga unanunua kidogo kidogo: mwezi huu RAM, mwezi ujao hadi diski, na kikifa kimoja unabadilisha hicho hicho. Ndoto yangu ilikuwa kuchapa barua za watu na kadi za harusi, halafu usiku gemu kiduchu. Dada yangu akanikopesha fedha za gunia lake la maharage, kwa sharti moja: mvua zikikaribia nimrudishie anunue mbolea.

Sasa sikia nilivyojiingiza mjini mwenyewe. Kitu cha kwanza kununua kilikuwa kasha! Nililiona kwenye picha ya simu: kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu zinawaka rangi zote kama disko. Shilingi 160,000. Nikatuma fedha. Likapanda basi kutoka Dar, zaidi ya kilometa 1,000, na Mungu si Athumani, kioo kikafika kizima. Kijiwe kizima kilikuja kushangaa. Mtoto mmoja akauliza samaki tunaweka lini.

Kasheshe ikaanza niliponunua mazabodi, ile bodi kuu ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake. Nilipata ya mtumba mjini Sumbawanga, imetolewa kwenye kompyuta ya ofisini. Matundu ya skrubu hayakulingana na kasha. Soketi ya umeme nayo ilikuwa ya aina yake, haikuingiliana na pawa saplai yangu. Miezi mitatu kasha likakaa juu ya kabati linakusanya vumbi. Oktoba dada akaulizia fedha zake. Nikaliuza kwa 90,000, nikaenda kubeba matofali kufidia pengo. Mbolea ilipatikana kwa kuchelewa, na dada hakunisemesha wiki nzima.

Ili yasikukute hayo, shika haya.

Kwanza, rula kabla ya fedha. Mazabodi zina vipimo vinavyojulikana. Ile kubwa ya kawaida inaitwa ATX, mpango ulioletwa na Intel mwaka 1995, nayo ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni kadogo, 170 kwa 170. Kwa kawaida kasha kubwa linapokea bodi ndogo, lakini kasha dogo halipokei bodi kubwa hata ulibembeleze vipi. Mitumba ya maofisini nyingi hazifuati vipimo hivi, kwa hiyo kama unanunua bodi ya namna hiyo, omba uuziwe na kasha lake na pawa saplai yake. Kama unataka kadi ya gemu, pima na urefu wake. Kwa kifupi, chagua vya ndani kwanza, kasha lifuate.

Pili, kasha lazima lipumue. Washikaji zangu huniambia, "Ufipa baridi bwana, feni ya nini?" Baridi ya Juni ipo nje, lakini ndani ya boksi lililofungwa joto linajikusanya, na kompyuta ikizidiwa na joto inapunguza kasi au inazima ghafla. Wazee wetu walilijua jambo la hewa zamani. Yale malungu, matanuri ya udongo ya Wafipa ya kuyeyushia chuma, marefu kumzidi mtu, hayakuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda, moto ukakolea. Wao walitaka joto, sisi tunalikimbia, lakini njia ni ile ile: hewa ya baridi iingie chini mbele, ya moto itokee juu nyuma. Kwa hiyo tafuta kasha lenye wavu mbele, siyo kioo kitupu. Feni moja ya kuingiza na moja ya kutoa zinatosha kuanzia. Usizigeuze! Upande wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota ndiko upepo unakotokea.

Tatu, vumbi na wageni wasioalikwa. Kiangazi chetu unakijua. Kasha liwe na kichujio cha kutoa na kuosha. Ukikosa, soksi nyepesi ya kina dada iliyotandazwa mbele ya feni inasaidia, ila isafishe mara kwa mara. Zile nafasi za nyuma zenye vibati, usiache wazi, maana panya na mende hawapigi hodi. Na liweke mezani, siyo sakafuni linapopita fagio na dekio.

Nne, na hili siyo la mzaha, ni umeme. Kompyuta yangu ilipowaka hatimaye, mama mdogo aligusa chuma cha kasha, akaruka. Akaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na ukizingatia Sumbawanga wengi hulitafsiri "tupa uchawi", utani ulinifuata hadi sokoni. Mchawi alikuwa waya wa ethi! Plagi ya pini tatu ina pini moja ndefu inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Mimi nilitumia adapta ya pini mbili, kwa hiyo kile kidogo kinachopenya kwenye pawa saplai kikakosa njia, kikakaa kwenye chuma. Siku pawa saplai ikiharibika kweli, kile kidogo kinaweza kuwa umeme mzima, na hapo tunazungumzia msiba. Tumia pini tatu, mwite fundi umeme ahakikishe nyumba ina ethi, na pawa saplai usiifungue kamwe. Makasha ya bei poa huuzwa na pawa saplai nyepesi ndani. Ikiwezekana nunua nzuri pembeni, okoa fedha kwenye taa.

Kasha langu la sasa ni jeusi, la mtumba, wavu mbele, halina taa hata moja zaidi ya ile ndogo ya kuonyesha limewaka. Nilinunua 45,000. Mwezi uliopita dada alikuja nimchapie barua ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akalitazama, akaligonga kidogo kwa kidole, akasema: "Hili ndilo ungeanza nalo."

Sikubisha. Barua yake nilimchapia bure.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.