Mfuko Usio na Bunduki

Mwaka jana, Siku ya Wanafunzi wa Zamani, alikuja hapa shuleni mzee mmoja aliyemaliza masomo yake hapa mwaka 1998, ambaye sasa anafanya kazi Marekani. Alikuja na mfuko mkubwa mweusi. Tangu asubuhi tulikuwa tumesikia kwamba mzee huyo huenda kila mwisho wa juma kupigana vita vya rangi, na kwamba silaha zake zote zimo katika mfuko ule. Basi jioni, alipoingia katika ukumbi wa kulia chakula, hakuna aliyekwenda kucheza mpira. Wavulana wa Kidato cha Kwanza walipanda hata juu ya mabenchi.

Alifungua zipu, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya meza. Ilitoka barakoa, zikatoka glavu, kinga za magoti, soksi, vitambaa, chupa ya maji na makopo matupu. Mfuko ukabaki hauna kitu. Ndipo mmoja wetu akauliza, "Mzee, na bunduki iko wapi?"

Akacheka. "Nilijua mtaniuliza, vijana. Bunduki nimeiacha kule kule. Kuiingiza nchini bila ruhusa ni kutafuta maneno na polisi. Lakini sikilizeni: mchezaji akikosa bunduki ataazima ya uwanjani, na siku yake itakwenda vizuri. Akikosa hii," akainua barakoa, "na arudi nyumbani."

Neno hilo nimelifikiri sana tangu siku ile, nami nitaeleza sababu yake hapa chini. Lakini kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu huitwa peintiboli. Wachezaji hugawanyika timu mbili, nao hupigana kwa vidonge vya rangi vinavyorushwa kwa nguvu ya hewa. Kila timu hujaribu kuikamata bendera ya wenzao. Kidonge kikimpata mtu na kupasuka, amepakwa alama, na yapasa ainue mkono na kutoka uwanjani. Mwamuzi yupo, na neno lake ni la mwisho.

Watu wengi hudhani mchezo huu ulianzia jeshini. Sivyo. Ulianzia msituni na malishoni. Huko Marekani wenye kazi ya misitu walihitaji kutia alama miti ya kukatwa, na wafugaji walihitaji kutia alama ng'ombe kutoka mbali. Kwa ajili yao kampuni ya Nelson iliuza bastola ya kurusha rangi iliyoitwa Nel-Spot 007, ambayo ilitengenezwa na kampuni ya Daisy. Kisha tarehe 27 Juni 1981, karibu na mji wa Henniker katika jimbo la New Hampshire, wanaume 12 waliingia msituni na bastola hizo ili waone nani ataweza kukusanya bendera bila kupigwa. Aliyeshinda ni Ritchie White, mtu wa kazi ya misitu, naye alishinda bila kufyatua hata mara moja. Alipita kimya kimya kati ya miti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilionekana kwamba bunduki si mchezo wote.

Kidonge chenyewe kina upana wa milimita 17 hivi, na uzito wa gramu 3 hivi. Ganda lake ni la jelatini, kama lile la vidonge vingine vya dawa, na ndani yake mna rangi inayooshwa kwa maji. Katika viwanja vingi mwendo wake hauruhusiwi kupita futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Kabla ya kuanza, kila bunduki hupimwa kwa kipima mwendo, na inayopita kiasi hupunguzwa nguvu.

HESABU YA JICHO

Sisi wanafunzi wa sayansi tulipiga hesabu usiku ule ule. Gramu 3 zikienda mita 91 kwa sekunde, nguvu yake ni jouli 12 na kitu. Hiyo ni sawa na tofali la kilo 1 lililoanguka kutoka kimo cha mita 1 na robo. Likikuangukia paja utaona uchungu, na utabaki na alama ya bluu. Siku chache zitapita nawe utasahau.

Lakini jicho si paja. Mpira wa miguu ukikupiga usoni, mifupa ya shavu na ya nyusi huupokea kwanza, kwa kuwa mpira ni mkubwa kuliko tundu la jicho. Kidonge cha milimita 17 ni kidogo kuliko tundu hilo. Hupita katikati ya mifupa na kulikuta jicho lenyewe, ambalo upana wake ni milimita 24 hivi tu. Ndiyo maana madaktari walioandika juu ya mchezo huu wameona kwamba wengi walioumia macho hawakuwa wamevaa kinga wakati ule. Wengine walicheza nyumbani pasipo mwamuzi. Wengine waliinua barakoa kidogo tu, wafute jasho.

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 11, wakati wa likizo, tulikuwa tukicheza vita kwa manati, na risasi zetu zilikuwa mapera mabichi. Tulikuwa na sheria nyingi: nani jemadari, nani mateka, mti gani ni ngome. Juu ya macho hatukuwa na sheria hata moja. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alichungulia nyuma ya mgomba. Aliyefyatua ni mimi. Jicho lake la kushoto halikuona tena. Yeye hanilaumu, na hata leo tunakula sahani moja, lakini akitembea barabarani mimi hupita upande wake wa kushoto. Kwa sababu hiyo, mzee yule alipoinua barakoa, wenzangu waliona kitu cha kuchekesha, nami niliona kitu tulichokikosa siku ile.

VITU VYA LAZIMA

Sasa nitavitaja vitu kwa mpango aliotupa mzee, yaani kwa mpango wa kuvinunua.

Cha kwanza ni barakoa. Miwani ya jua haifai, wala miwani ya fundi wa mbao haifai. Yatakiwa barakoa iliyotengenezwa kwa mchezo huu, inayofunika macho, uso na masikio, na yenye alama ya kuonyesha kwamba imepimwa. Kule Marekani kipimo hicho huandikwa ASTM F1776. Kioo chake si kioo cha kweli, ni plastiki ngumu. Chenye matabaka mawili ni bora, kwa maana hakiingii ukungu upesi, na ukungu ndio unaomshawishi mtu kuivua barakoa katikati ya mchezo. Ijaribu kichwani: inama, ruka, cheka. Ikisogea, chagua nyingine. Kioo kikipata ufa, au kikipigwa kutoka karibu sana, kibadilishwe. Usikisafishe kwa dawa kali ya kusafishia madirisha, kwa kuwa dawa nyingine hudhoofisha plastiki hiyo.

Cha pili ni nguo. Shati la mikono mirefu, suruali ndefu, glavu, kitambaa cha shingo, kinga za magoti, na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Ovaroli kuukuu yafaa sana. Lakini wenzangu, tusiige picha za Wazungu wanaovaa mabaka mabaka ya kijeshi. Hapa Uganda sheria haimruhusu raia kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi.

Cha tatu ni soksi ya mtutu. Ni kifuko kidogo cha kitambaa chenye kamba, huvalishwa mdomo wa bunduki kila wakati usipokuwa uwanjani. Bunduki ikifyatuka kwa bahati mbaya, kidonge hukwama humo. Bei yake ni ndogo kuliko vitu vyote, na kazi yake ni kubwa.

Cha nne ni vyombo vya kubebea vidonge. Juu ya bunduki hukaa chombo cha kulishia, na kiunoni mchezaji hufunga mkanda wenye makopo marefu; makopo mengi huchukua vidonge 140 kila moja. Vidonge vyenyewe huuzwa kwa katoni ya 2,000. Visinunuliwe mapema vikawekwa, kwa sababu jelatini huvimba ikipata unyevu, na joto huilainisha. Kidonge kilichovimba hupasuka ndani ya mtutu. Tena, viwekwe mbali na mbwa, maana mbwa akivila huweza kuugua vibaya.

Cha tano ni mtungi wa hewa. Mitungi ya alumini mingi hujazwa mpaka kipimo cha 3,000 kwa inchi ya mraba, na ile ya nyuzi za kaboni mpaka 4,500. Gurudumu la motokaa huhitaji 30 hivi tu; basi mtungi mdogo una nguvu mara 100 ya gurudumu. Una tarehe iliyopigwa chapa, nao hupimwa upya kwa kipindi kilichowekwa, mara nyingi kila miaka 5. Mtungi uliopitwa na tarehe, au wenye mkwaruzo mkubwa, usijazwe. Wengine hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi, lakini nguvu yake hupungua siku ya baridi.

Cha mwisho ni bunduki. Anayeanza na aazime ya uwanjani, acheze mara nne au tano, ndipo ajue anapenda ya namna gani. Pamoja nayo huhitajika ufagio mdogo wa kusafishia mtutu, mafuta yanayotajwa na mtengenezaji, funguo za skrubu, na pete za mpira za akiba, kwa kuwa pete ndogo ikikatika hewa yote huvuja.

KUCHAGUA MFUKO

Wengi hununua mfuko kwanza, kisha wakatafuta vitu vya kutia. Mzee alitufundisha kinyume. Vipange vitu vyote sakafuni, uvitazame, ndipo ujue ukubwa wa mfuko. Ukiwa mdogo, barakoa itabanwa. Ukiwa mkubwa mno, vitu vitagongana njiani.

Tazama mambo manne. La kwanza ni vyumba. Barakoa iwe na chumba chake peke yake, chenye sifongo, mbali na mtungi na funguo, maana chuma kikiparuza kioo kazi imeharibika. Nguo chafu ziwe na chumba chenye matundu ya kupitisha hewa. Sisi tuliozoea sanduku la bati, ambamo sabuni, daftari na viatu hulala pamoja, twajua mwisho wake ni nini.

La pili ni kitako. Kiwe cha kitu kigumu kisichopitisha maji, kwa sababu mfuko utawekwa matopeni. La tatu ni zipu. Ziwe na meno manene ya plastiki, zisiliwe na kutu wala kuziba kwa mchanga. La nne ni namna ya kuuchukua. Magurudumu ni mazuri kwenye sakafu ya kiwanja cha ndege, lakini katika njia zetu za matope mikanda miwili ya mabegani ni bora. Ikiwa utasafiri kwa ndege, kumbuka kwamba Marekani bunduki hizi hazipandi pamoja na abiria, huwekwa katika mizigo ya chini, na mtungi sharti uwe mtupu na valvu yake imetolewa.

Katika mfuko weka pia vitambaa viwili. Kimoja ni cha kioo tu, kingine cha bunduki na mikono. Visibadilishane kazi, kwa kuwa mchanga wa mikono hukwaruza kioo. Ongeza chupa ya maji, soksi kavu, plasta na mfuko wa plastiki wa nguo zilizolowa. Ukirudi nyumbani, toa kila kitu siku ile ile, osha na kausha. Jelatini iliyolala siku tatu katika mfuko uliofungwa hunuka, na bweni zima litakuuliza.

MANENO YA MWISHO

Najua wengi wetu hatutaucheza mchezo huu karibuni, maana gharama yake ni kubwa. Lakini manati hayana gharama, na mapera yako kila mahali. Kwenu wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza nasema: mchezo wowote wa kurushiana kitu, kama hakuna cha kukinga macho ya kila mchezaji, haujawa tayari kuchezwa.

Nanyi wazee wetu mnaosoma gazeti hili huko mbali, mkikumbuka kuwaletea wadogo zenu zawadi ya bunduki ya kuchezea, twashukuru. Ila kwanza tieni mfukoni kinga ya macho. Nafasi ikibaki, tieni na bunduki. Na isipobaki, mfanye kama mzee yule: iacheni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita