Helmeti haimo kwenye hesabu

Ukitaka kujua bodaboda uliyoipanda ni ya nani, huna haja ya kuomba kadi. Tazama cheni. Kijana aliye kwenye mkataba, anayempelekea bosi fedha kila wiki akijua kwamba miezi ikitimia chombo kinakuwa chake, cheni yake huwa na mafuta na haining'inii. Anayeendesha ya hesabu, apeleke kiasi chake jioni na kesho aanze upya, cheni yake mara nyingi imeshika kutu na inagonga kava kila anapopunguza mwendo. Usimwite mvivu. Cheni na sproketi zikiisha anayenunua ni bosi, na muda wa kuzihudumia ni muda wa kukosa abiria.

Mavazi ya dereva hayamo kwenye utaratibu wowote kati ya hiyo miwili. Bosi anafikiria oili, tairi na bima. Koti la mvua, glovu, viatu na helmeti ni shauri la kijana mwenyewe, naye hununua kile ambacho hali ya hewa imemlazimisha wiki hiyo. Ndiyo maana vijiweni watu wamejikinga vizuri na upepo, kiasi na mvua, na kidogo sana na lami.

Mgeni akifika Dar es Salaam mwezi wa pili, jua likiwa la utosi, hushangaa kumwona dereva ndani ya jaketi zito la mtumba, tena limevaliwa kinyumenyume, zipu mgongoni. Kuna akili hapo. Upepo na vumbi vinampiga kifuani kutwa nzima, na jaketi lililogeuzwa halina mwanya mbele, wakati mgongoni limeachwa wazi jasho lipate pa kutokea. Shida ni kwamba kitambaa chenyewe ni cha kuzuia baridi. Dereva akianguka na kuburuzika, kinachanika kabla hajasimama, na viwiko havina pedi yoyote. Jinzi nzito ni bora kuliko suruali ya kitambaa, na ngozi ni bora kuliko jinzi. Ndala zisiingie kabisa kwenye mjadala huu. Abiria nao wana lao: kwenye pikipiki nyingi za hapa ekzosi iko kulia, na anayeteremka upande huo akiwa na sketi au kaptula huondoka na alama ya kuungua ndani ya muundi. Teremka kushoto.

Helmeti ndiyo inayostahili maneno mengi. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi wa Kiingereza, alianguka na pikipiki yake kule Dorset na kufa siku chache baadaye kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi na mwaka 1941 akachapisha utafiti wa kutetea kofia ngumu. Tafiti zilizofuata zilikuja kukusanywa pamoja na shirika la Cochrane: helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Kazi hiyo haifanywi na ganda la nje peke yake. Ndani yake kuna povu gumu jeupe ambalo hubonyea wakati wa pigo na kulipokea kabla halijafika kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyokwisha kupiga lami mara moja kwa kishindo, hata kama ganda linang'aa, imemaliza kazi yake. Na wanaofuta ganda kwa petroli ili ling'ae waache, kwa sababu petroli hulila povu hilo.

Kuipima ni rahisi. Funga mkanda wa kidevuni, kisha mtu aishike kwa nyuma, chini kwenye kisogo, na kuisukuma juu kuelekea usoni. Ikivuka kichwa, hiyo si ya kwako. Helmeti nyingi za abiria zimekatika mkanda, au mkanda upo ila kifungo hakipo, na abiria anaishikilia kwa mkono mmoja njia nzima. Wengine wanaikataa kabisa kwa sababu inanuka jasho la watu wa tangu asubuhi, na aliyetoka saluni ana sababu ya ziada. Malalamiko hayo ni ya haki. Kofia nyepesi ya kitambaa ya kuvaa ndani, ambayo abiria anakuja na yake mkobani, inayamaliza. Kigali abiria huvaa helmeti kama kawaida, na nywele wanasuka vilevile.

Kioo cheusi cha helmeti kinapendwa kwa sababu ya jua. Ikifika saa moja jioni kinageuka pazia, na dereva anakipandisha juu ili aone, wadudu na vumbi vinaingia machoni. Kama fedha inatosha kioo kimoja tu, kiwe cheupe.

Masika huleta mambo mawili kwa pamoja, mwili kulowa na chombo kulowa. Kwa mwili, koti la mvua lenye vipande viwili, suruali na juu, linashinda lile la kujitupia begani. La kujitupia hupepea, na upindo wake ukinaswa na gurudumu la nyuma hakuna breki itakayowahi. Dera na khanga za abiria ziko kwenye hatari hiyohiyo hata jua likiwaka. Mabuti ya mvua yanazuia maji vizuri, ila pua yake ikiwa nene mguu hausikii gia, kwa hiyo yajaribu dukani ukiwa umekaa juu ya pikipiki.

Kwa chombo, mvua humgusa dereva kwanza kwenye breki. Breki za ngoma zikipita kwenye dimbwi huingiwa maji na kushika kwa kuchelewa. Ukitoka kwenye maji, gusa breki taratibu huku ukitembea mpaka zishike tena, ndipo uongeze mwendo. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa maji yanainua oili na vumbi vilivyolala barabarani. Halafu kuna kuosha. Mashine ya maji ya presha inatoa tope haraka, lakini ikielekezwa kwenye vitovu vya magurudumu inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Baada ya kuosha ndipo cheni. Fundi anayejua kazi haanzi kwa kukaza. Anaweka stendi ya katikati, anasugua cheni kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, anaifuta, kisha anazungusha gurudumu la nyuma polepole huku akiipandisha na kuishusha kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Cheni haivutiki sawasawa, ina sehemu iliyolegea na sehemu iliyokaza. Anatafuta iliyokaza zaidi na kupima hapo: mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unafaa pikipiki nyingi za ukubwa huu. Akikaza mpaka isicheze kabisa, abiria wawili wakipanda cheni inavuta beringi za gia. Mwisho anapaka oili ya gia namba 90. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo vijiwe vingi hupaka kwa kuwa ni ya bure, ina chembe za chuma ndani yake.

Oili ya injini nayo ina mtego. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za baadhi ya magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano: ukipanda mlima injini inalia, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki. Anayezunguka kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi, kwa hiyo muda wa kubadilisha oili asiuhesabu kwa miezi kama mwenye pikipiki ya kwendea kazini.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi nyingine. Kutoka Makambako kwenda Njombe alfajiri ya mwezi wa saba, nyuzi 10 za hewa iliyotulia, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi isiyofunikwa huzisikia kama 5. Vidole ndivyo vinavyoanza kufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyokamata breki na klachi, kwa hiyo glovu huko ni kifaa cha usalama. Sweta peke yake halifai, upepo unapita. Juu yake vaa koti la mvua hata kama hakuna wingu. Likikosekana kabisa, gazeti lililokunjwa kifuani ndani ya jaketi husaidia sana, na hili mnaruhusiwa kulitumia mkishalisoma.

Pikipiki nayo huko hubadilika. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Kabureta iliyosetiwa Dar inamwaga petroli ileile kwa hewa kidogo, plagi inakuwa nyeusi na nguvu inapungua. Choki inavutwa asubuhi, na irudishwe injini ikishapata moto. Dodoma kesi ni ya vumbi: kichujio cha hewa kikiziba, dalili ni hizohizo, pamoja na moshi mweusi, na wengi huishia kufungua kabureta bure.

Pikipiki za umeme zinazoongezeka mijini zitafuta habari za oili na plagi. Tairi, breki na mvua zitabaki, na lami haitakuwa laini.

Mikataba mingi ya bodaboda ni karatasi moja: kiasi, siku ya kulipa, nani alipe matengenezo, iweje chombo kikiibwa. Helmeti mbili zenye mikanda mizima, pamoja na sharti la kuzibadilisha zikipigwa, zingeingia hapo bila kuongeza ukurasa. Bosi atakayebisha kwamba hiyo ni gharama ya dereva akokotoe hesabu ya wiki ambazo kijana amelazwa na pikipiki iko polisi.