Lobelia Mbili za Mlima Kenya: Tatizo la Kutofautisha na la Kutaja

Utangulizi

Mtu atokaye Nyeri kwenda Naro Moru, kisha akaupanda Mlima Kenya kwa upande wa magharibi, hupita msitu, hupita mianzi, hupita kinamasi kirefu, na hatimaye huingia Bonde la Teleki, ambalo sehemu yake ya juu hufikia kiasi cha mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Humo ataona mimea miwili mikubwa iliyo ndugu. Kila mmoja huanza kama duara la majani lililolala chini, na kila mmoja, ufikapo wakati wake, husimamisha mnara wa maua. Wageni wengi huiita yote “lobelia”, pasipo kuongeza neno. Makala haya yana madhumuni mawili: kwanza, kueleza jinsi mimea hiyo inavyotofautishwa, pili, kuonyesha kwamba upungufu wa majina yake katika Kiswahili si jambo la mapambo, bali ni kasoro inayougusa ujuzi wenyewe.

Majina ya kitaalamu

Mmea wa kwanza huitwa na wataalamu Lobelia telekii. Jina hili halijaleta mgogoro. Mmea wa pili umebadilishiwa jina zaidi ya mara moja. Katika maandishi ya wengi uliitwa Lobelia keniensis. Wengine wakauhesabu kuwa tawi la Lobelia deckenii, jamaa yake wa Kilimanjaro. Na siku hizi wengi huuita Lobelia gregoriana. Msomaji asiyejua historia hii aweza kudhani kwamba anasoma habari za mimea mitatu, kumbe ni mmoja.

Yafaa pia kutazama asili ya majina hayo. “Lobelia” latokana na Matthias de l'Obel, bingwa wa mimea aliyefariki mwaka 1616. “Telekii” lamkumbuka Sámuel Teleki, aliyefika mlimani mwaka 1887. “Gregoriana” lamkumbuka J. W. Gregory, aliyefika mwaka 1893. Na “deckenii” lamkumbuka von der Decken, msafiri wa Kilimanjaro. Majina haya yanatueleza nani alipita. Hayatuelezi mmea una umbo gani, wala waishi vipi.

Sifa bainifu

Wanaisimu wamezoea kupambanua sauti kwa sifa bainifu. Njia hiyo hiyo yafaa hapa. Sifa za kuangaliwa ni nne.

Ya kwanza ni mnara wa maua. Mnara wa L. telekii ni mrefu, waweza kupita kimo cha mtu, nao umefunikwa na vijani vyembamba, virefu, vyenye manyoya, hata ukitazamwa kwa mbali hufanana na mkia wa mnyama. Maua yenyewe yamefichwa ndani ya manyoya hayo. Mnara wa mmea wa pili ni mfupi zaidi na mnene, na vijani vyake ni vipana. Maua yake ya buluu huchungulia katikati.

Ya pili ni majani. Ya L. telekii ni membamba. Ya mwenzake ni mapana zaidi na yamepangika kama bakuli.

Ya tatu ni maji. Bakuli la mmea wa pili hushika maji, na uchunguzi umeonyesha kwamba mmea wenyewe huchangia kuyatoa. Si mvua tu. Usiku baridi ishukapo chini ya sifuri, uso wa maji huganda, lakini chini ya barafu maji hubaki, na chipukizi lililo katikati huokoka. L. telekii haina hodhi la namna hiyo.

Ya nne, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni maisha. L. telekii huishi miaka mingi bila kutoa ua; kisha huchanua mara moja, hutawanya mbegu, na kufa. Ni kama muhindi shambani, ila msimu wake ni mrefu mno. Mmea wa pili ni kama mgomba: duara lililochanua hufa, lakini maduara mengine yaliyoungana nalo chini ya ardhi huendelea kuishi, na baadaye nayo huchanua kwa zamu.

Fonimu mbili au alofoni?

Truman Young, mwanaikolojia wa Marekani, aliichunguza mimea hii kwa miaka mingi, na akaeleza kwamba L. telekii hupendelea miteremko mikavu yenye mawe, na mwenzake hupendelea ardhi yenye majimaji ya chini ya bonde. Mwanaisimu akisikia hivyo atauliza mara moja: je, si umbo moja linalobadilika kufuata mazingira, kama zifanyavyo alofoni za fonimu moja? Swali ni la haki. Jibu lapatikana pembezoni mwa bonde, ambapo ukavu na umajimaji hukutana. Hapo mimea yote miwili huweza kuonekana karibu karibu, katika hewa ile ile, na kwa kawaida kila mmoja hushika umbo lake. Vitu viwili vikitofautiana katika mazingira yale yale, tofauti ni yao wenyewe, si ya mazingira.

Hasara ya jina moja

Tuchukue mfano. Mwongozaji wa wapanda mlima arudi Naro Moru na kutoa taarifa kwamba mteremkoni ameona lobelia nyingi zilizokauka. Ikiwa ni L. telekii zilizochanua, hakuna msiba: zimemaliza mwendo wake. Ikiwa ni za aina ya pili, na maduara yote ya kila mmea yamekufa pamoja, huenda pana maradhi, au ukame, au pimbi wamezila kupita kiasi. Neno moja lameza habari mbili zinazopingana. Na katika zama hizi, ambapo barafu ya Mlima Kenya imepungua sana, swali la mmea upi unasonga na upi unarudi nyuma ni swali ambalo watu wakaao chini ya mlima wanapaswa kuweza kuliuliza kwa lugha yao.

Kiswahili hakikosi uwezo. Lugha iliyotenga kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi katika maisha ya tunda moja haiwezi kusemwa kwamba haijui kupambanua. Ilipambanua pale wasemaji wake walipohitaji.

Pendekezo

Tunapendekeza L. telekii iitwe “lobelia manyoya”, na mwenzake “lobelia birika”. Jina la kwanza lafuata sifa ionekanayo kwa mbali. La pili huenda likapingwa, kwani kwa watu wengi wa bara birika ni chombo cha chai, ilhali Mwambao ni pia hodhi la maji msikitini. Hata hivyo, maana zote mbili zahifadhi maji, na ndiyo sifa tuitakayo. Jina la kitaalamu likibadilishwa tena, majina haya hayatatikisika, kwa kuwa yamefungwa kwenye mmea, si kwenye msafiri.

Hitimisho

Istilahi haithibitiki kwa kuchapishwa. Kabla ya majina haya kuingizwa katika kamusi yoyote, yapelekwe kwanza kwa waongozaji na wapagazi wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria, ambao huiona mimea hii kazini mwao. Wakiwa na maneno bora, yao yatangulie. Kazi ya mtaalamu wa lugha itakuwa kuyasikiliza, kuyapima kwa sifa nne tulizozitaja, na kuyaandika.