Fahamu: Moto ndio unaochagua mafuta

Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje Aprili 2022, mpishi wa Kariakoo alikumbushwa kuwa dumu lake la mafuta linategemea mashamba ya mbali. Alizeti ya Singida inaweza kushika nafasi ya mawese, lakini tuangalie moto kwanza. Iliyokamuliwa bila kusafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzijoto 107 hivi: inafaa mchicha na mchuzi, si maandazi wala chipsi. Ya kukaangia iwe iliyosafishwa.

Wapo wanaosema mawese ni nafuu na hustahimili moto. Ni kweli kabisa. Ila karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yenye kupandisha lehemu mwilini, wakati alizeti ina takriban asilimia 11 tu. Kwa chakula cha kila siku, tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.